Sandwichi za kugandisha za watoto wa shule: kwa nini zinalowa, na namna ya kuzifunga zifike salama

Swali: Nina watoto wawili, darasa la kwanza na la tatu, hapa Dar es Salaam. Gari la shule linawapitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kuamka kupika kila siku kumenishinda. Nimeona sandwichi za duara zilizobanwa pembeni: unatengeneza nyingi Jumamosi, unaweka friza, alfajiri unatoa tu. Nimejaribu. Za jemu zimekuwa chepechepe, za mayai na nyanya zimetoa maji, na nyingi zimefunguka pembeni. Nakosea wapi? Niweke nini ndani, zinakaa muda gani, na je, ni salama mtoto kula saa saba mchana kitu kilichotoka friza alfajiri?

Jibu:

Dada yangu, inawezekana, hata kwa joto la Dar es Salaam, na huna haja ya kununua kifaa chochote. Ila tutenganishe mambo mawili ambayo swali lako limeyaweka pamoja. Kuna sandwichi zinazostahimili friza, na kuna sandwichi zinazostahimili begi la mtoto hadi mchana. Nyingine zinatoka friza zikiwa nzuri kabisa, lakini kumpa mtoto saa saba ni hatari. Kwenye friza kinachoharibu ni maji. Kwenye begi kinachoharibu ni muda. Ukiyaelewa hayo mawili utaweza kupanga mwenyewe cha kuweka ndani bila kuniuliza tena.

Tuanze na maji. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, tango pia. Yakiganda, maji hayo yanageuka chembe za barafu zenye ncha, zinazopasua kuta za tunda kutokea ndani. Nyanya ikiwa bado imeganda huoni tatizo. Ikiyeyuka, haina tena cha kushikilia maji yake, na yote yanamwagikia mkate. Saladi ya majani, tango, kitunguu kibichi na ndizi mbivu vyote vinapatwa na hilo hilo. Ute mweupe wa yai la kuchemsha una shida ya namna yake: unakuwa kama mpira na kutema maji. Mayonesi ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kuchanganyika, na baridi kali inawaachanisha, kwa hiyo inatoka friza ikiwa imekatika. Sandwichi yako ya mayai na nyanya haikuwa na namna ya kupona, hata ungeifunga vizuri kiasi gani. Nyanya na tango wape watoto pembeni, zikiwa nzima, kwenye kikopo chao.

Jemu ni habari nyingine. Sukari yake nyingi inaizuia isigande kabisa, kwa hiyo hata ndani ya friza inabaki laini, na inaendelea kunyonywa na mkate taratibu siku baada ya siku. Dawa yake ni mafuta. Paka siagi ya karanga kwenye slesi zote mbili, ya chini na ya juu, kisha weka jemu katikati peke yake, isiguse mkate popote. Wengi wanapaka karanga upande mmoja na jemu upande wa pili, kwa sababu ndivyo tunavyofanya sandwichi ya kuliwa hapo hapo. Slesi yenye jemu ndiyo hiyo inayolowa.

Mbinu hii ina historia yake. Mwaka 1995 huko Fargo, jimbo la North Dakota nchini Marekani, David Geske na Len Kretchman walianza kutengeneza sandwichi za siagi ya karanga na jemu zilizogandishwa na kukatwa kingo, wakiziuza mashuleni. Kampuni ya Smucker ikainunua biashara yao mwaka 1998, na sandwichi hizo ndizo zinazojulikana leo kwa jina la Uncrustables. Desemba 1999 zilipata hataza ya Marekani (haki ya kisheria ya mvumbuzi) namba 6,004,596, na ukiisoma utakuta kiini chake ni hicho hicho: karanga juu, karanga chini, jemu imefungiwa katikati isifike kwenye mkate, kingo zimebanwa. Kampuni ilipotaka kupanua haki hizo, mahakama ya rufaa ya Marekani iliikatalia mwaka 2005. Kwa hiyo unapotandaza karanga pande mbili jikoni kwako Jumamosi, unafanya kile kile kinachofanyika kiwandani. Ulichokosa ni safu hiyo ya pili tu.

Sasa mkate. Nunua mkate mweupe laini wa siku hiyo hiyo, wa slesi. Mkate wa jana umeshaanza kukauka na hautashikana ukiubana. Mkate wa ngano nzima ni bora kwa afya, lakini pumba zake zinakata mshikamano, na utahangaika nao. Kama unapendelea huo, lowesha kidogo ukingo kwa kidole chenye maji kabla ya kubana. Mkate uliotoka tanurini ukiwa bado vuguvugu usiutumie: mvuke wake utageuka theluji ndani ya friza, na theluji hiyo itageuka maji kesho yake.

Nikiwa hapo kwenye mkate, usiuhifadhi kwenye jokofu la kawaida. Watu wengi wanadhani jokofu ni nusu ya friza, kwamba linafanya kazi ile ile polepole. Kwa mkate ni kinyume. Wanga wa mkate unakakamaa haraka zaidi kwenye nyuzi joto chache juu ya sifuri, yaani penye jokofu hasa, kuliko mezani. Ukifika nyuzi 18 chini ya sifuri, ukakamaaji huo karibu unasimama kabisa. Ndiyo maana sandwichi iliyogandishwa Jumamosi ikiwa fresh inaweza kuliwa Alhamisi ikiwa laini kuliko iliyolala jokofuni usiku mmoja.

Kufunga kwenyewe nitakueleza polepole, maana hapa ndipo zako zinapofunguka. Tandaza slesi mbili zinazofuatana kwenye mkate, ili maumbo yao yalingane. Paka siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula kila upande, ukiacha ukingo mtupu wa upana wa kidole pande zote. Ukingo huo uwe mkavu na safi, kwa sababu mahali palipoguswa na mafuta mkate hautashikana kamwe. Katikati ya slesi moja weka kijiko kimoja cha chai cha jemu, kisizidi. Funika. Bonyeza katikati kidogo kwa kiganja ili hewa itoke, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoinua kifuniko baadaye.

Kisha chukua bilauri au kikombe chenye mdomo mnene, kipana kuliko kile ulichopaka lakini kidogo kuliko mkate. Kiweke juu ya mkate kikiwa kimepinduliwa, ukandamize kwa uzito wa mwili wako bila kuzungusha. Ukizungusha unakata kabla hujabana. Ukiinua utaona duara limechorwa, na mkate uliokuwa chini ya mdomo wa kikombe umebadilika: vitundu vyake vimepotea, umekuwa mwembamba na wa kung'aa kidogo, karibu kama kinyunya kibichi. Hiyo ndiyo dalili kwamba slesi mbili zimekuwa kitu kimoja. Mahali palipobaki peupe na penye vitundu hapajafungika. Pitia duara lote kwa ncha za uma, ukibana zaidi pale palipolegea, halafu kata nje ya alama kwa kisu, ukiacha ukingo uliobanwa ukiwa mzima. Glasi yenye mdomo mwembamba inakata vizuri lakini haibani, na kwa kuwa ndiyo wengi wanayoikimbilia, ndiyo sababu ya kwanza ya sandwichi kufunguka.

Najua mkono wa mpishi wa kwetu utataka kupaka gundi ya unga wa ngano na maji pembeni, ile tunayofungia sambusa. Tafadhali usiipake hapa. Sambusa inaingia kwenye mafuta ya moto na gundi inaiva. Sandwichi haipikwi tena, na unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, kwa kuwa ni nafaka iliyosagwa tu bila kupitia moto, na friza haiviui. Maji matupu yanatosha. Kama una ile mashine ya umeme ya kuchomea sandwichi inayobana pembetatu, nayo inafunga vizuri sana kwa joto, ila ziache zipoe kabisa kwenye waya kabla ya kugandisha.

Makombo ya kingo usitupe. Yakaushe kwenye oveni au kikaangoni, saga, weka chupani. Utapata chenga za mkate za kuviringishia katlesi na kababu.

Tuje kwenye cha kuweka ndani. Ningekushauri uanze na tende. Sijui kwa nini wanaozungumzia sandwichi hizi hawazitaji, wakati kwetu pwani zimejaa sokoni, na zinafaa kuliko jemu. Tende zina maji machache, zinanata, ni tamu bila kuongeza sukari, na zikiganda hazibadiliki. Toa kokwa, zipondeponde kwa mwiko na vijiko viwili vya maji ya moto juu ya moto mdogo hadi ziwe rojo zito, acha zipoe, kisha ziweke katikati ya karanga mahali pa jemu. Chunguza kila tende kwa vidole unapotoa kokwa, kwa sababu kokwa moja iliyosahaulika inaweza kuvunja jino la mtoto. Kama watoto wanataka jemu ya nanasi au embe, ichemshe tena dakika chache hadi ukiivuta kwa kijiko ianguke kwa donge, isitiririke.

Siagi ya karanga yenyewe ninataka tuizungumze kwa uzito, kwa sababu watoto wako wataila mara nyingi. Karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na kuvu zinazotoa sumukuvu, hasa zikivunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo inaharibu ini, na kwa kiwango kikubwa inaua. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa sumukuvu, safari hiyo kwenye mahindi. Mwaka 2019 mamlaka ya viwango ya Kenya iliondoa sokoni siagi za karanga za kampuni kadhaa kwa sababu hiyo hiyo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla isiyozidi sehemu 10 kwa kila bilioni, kiasi ambacho jicho wala ulimi hauwezi kukipima. Na friza haiondoi sumu hii, wala kukaanga hakuimalizi.

Kwa hiyo ukinunua iliyotengenezwa, nunua yenye alama ya ubora ya TBS na tarehe inayosomeka. Ukisaga mwenyewe, chambua karanga mbichi kwanza mchana kwenye mwanga, si usiku kwa taa. Ondoa iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au jeusi, na yenye ladha ya uchungu. Utatupa konzi mbili tatu na utaona uchungu wa pesa, lakini sumu nyingi hukaa kwenye chache hizo. Usinunue zilizokwishamenywa na kukaangwa ambazo huwezi tena kuzichambua. Karanga za kusaga mwenyewe hutenganisha mafuta. Koroga vizuri na uziweke jokofuni zigande kidogo kabla ya kupaka, la sivyo mafuta yatalowesha mkate badala ya kuulinda.

Uliza pia shuleni kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga darasani. Shule nyingine zimekataza karanga kabisa, na zina haki, kwa sababu mzio huo unaweza kuziba pumzi ya mtoto kwa dakika chache. Hapo tumia mbegu za alizeti zilizokaangwa na kusagwa na chumvi kidogo. Inafunga na kulinda mkate sawasawa na karanga. Ufuta na korosho nazo zina mzio wake, usizichukulie kuwa mbadala salama bila kuuliza.

Vya chumvi vinawezekana pia, mradi viwe vikavu. Maharage yaliyopondwa na kukaangwa na kitunguu hadi yaachane na sufuria ndiyo ninayoyapenda zaidi: yana protini, ni bei nafuu, na hayatoi maji yakiyeyuka. Usiyaunge kwa nazi. Kuku aliyechemshwa, akachambuliwa nyuzi nyuzi na kuchanganywa na jibini laini au siagi kidogo badala ya mayonesi, anafaa. Kima iliyokaangwa hadi ikakauka kabisa inafaa, ukiupaka mkate siagi kwanza pande zote mbili. Jodari wa kopo akamuliwe hadi tone la mwisho. Na kwa kweli, vitu vya nyama naona vinakaa vizuri zaidi ndani ya skonzi: kata kinyunya cha maandazi ya kuoka, weka kima katikati, finya, oka, poza, gandisha. Kinyunya kikiiva kimeshajifunga chenyewe na hakuna cha kufunguka.

Chochote kilichopikwa kipoe haraka kabla hakijakutana na mkate. Kitandaze kwenye sinia pana kiwe chembamba, feni ikipuliza, kisha kiingie jokofuni kabla saa mbili hazijapita tangu kilipotoka motoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kila hatua, na mwenye kidonda au jipu mkononi asiguse kazi hii. Kuna bakteria wanaoishi kwenye ngozi na puani mwetu ambao wakipata nafasi kwenye kuku au nyama wanaacha sumu ambayo hata ukipasha moto haitoki.

Kugandisha: panga sandwichi kwenye trei bapa, zisigusane, uziweke sehemu yenye baridi kali zaidi ya friza. Zikigandishwa haraka, chembe za barafu zinakuwa ndogo na mkate hauumii. Zikipangwa juu ya nyingine zikiwa bado laini, za katikati zinachelewa, zinabondeka, na kingo ulizozibana zinaachia. Baada ya saa mbili hivi zitakuwa ngumu. Hapo zifunge moja moja kwa karatasi ya kuokea au foili, uzipange kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, lijae hadi juu. Nafasi tupu ndani ya kopo ni hewa kavu inayonyonya unyevu wa mkate na kuacha madoa meupe makavu. Kopo linatosha, mifuko ya plastiki huihitaji. Andika tarehe kwa kalamu juu ya karatasi.

Zitakaa muda gani inategemea friza yako, na hili utalijua kwa kuangalia nyota zilizochorwa kwenye mlango wake. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nyota mbili ni 12, tatu ni 18. Kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya jokofu la mlango mmoja mara nyingi kina nyota moja au mbili. Cha nyota moja, tengeneza za wiki moja tu. Ukiwa na friza ya nyota tatu au nne unaweza kufika mwezi mmoja. Baada ya hapo hazidhuru, lakini mkate unaanza kukauka na kupoteza ladha, na mtoto atakurudishia.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia. Friza iliyojaa na kufungwa inashikilia baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu kwa saa 24. Vijisanduku vidogo havifiki huko. Kwa sababu umeme unaweza kukatika mkiwa kazini ukarudi kabla yenu, gandisha kikombe cha maji kilichojaa, kisha weka sarafu juu ya barafu yake na ukiache humo siku zote. Ukikuta sarafu imezama chini, ujue kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya. Sandwichi za nyama na maharage zitupe siku hiyo. Za karanga na tende zitakuwa zimepoteza ulaini tu.

Sasa saa saba mchana. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana haraka. Marekani wanapunguza iwe saa moja joto likizidi nyuzi 32, na Dar es Salaam ya Februari inafika huko. Sandwichi nyembamba kutoka friza, kwa joto letu, inayeyuka ndani ya saa mbili hivi, labda zaidi kidogo ikiwa ndani ya kopo na begi. Ikitoka friza saa kumi na moja alfajiri, kufikia saa moja hadi saa mbili asubuhi imeshalainika, na hapo ndipo muda unapoanza kuhesabika.

Fanya hesabu na utaona mwenyewe. Sandwichi ya karanga na tende, au karanga na jemu, ina maji machache na sukari au mafuta mengi, bakteria hawapati nafasi. Hiyo mtoto ale saa nne, ale saa saba, haina shida. Ya kuku, kima, jodari au maharage, ikisubiri mapumziko ya saa nne bila barafu, imeshapita kanuni ya saa mbili au iko ukingoni. Saa saba haifai kabisa, hata kama inanukia vizuri, maana sumu za bakteria hawa mara nyingi hazina harufu.

Kama unataka kuwapa za nyama, nunua begi dogo la chakula linalotunza baridi, na ugandishe chupa ya nusu lita ya maji kila usiku. Usiijaze hadi juu, kwa sababu maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9 na chupa inapasuka. Chupa ikae imegusana na kopo la sandwichi, na baadaye mtoto atakunywa maji ya baridi. Kabla ya kuiamini, ifanyie majaribio Jumamosi: pakia begi saa kumi na moja alfajiri kama siku ya shule, liweke sehemu yenye joto, ulifungue saa nne. Ukikuta chupa bado ina barafu ndani, waruhusu wale za nyama mapumziko ya saa nne, na za saa saba ziwe za karanga siku zote. Ukikuta imeyeyuka yote, begi hilo halikufai kwa nyama. Joto la gari la shule nalo likumbuke, maana begi linalowekwa dirishani juani linapoteza nusu ya kazi yake.

Darasa la kwanza hawezi kukumbuka ipi ya saa ngapi. Funga za nyama kwa foili na za karanga kwa karatasi, mwambie foili inaliwa kwanza. Za jemu usiwape zaidi ya mara mbili kwa wiki, maana Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na mtoto mdogo anaifikia haraka akinywa na juisi ya pakiti. Chungwa, embe au kipande cha tikiti pembeni kinatosha kwa utamu.

Swali moja ambalo hukuuliza lakini litakujia wiki ya kwanza: mtoto akirudi nayo haijaliwa, ufanyeje? Ya karanga ale jioni hiyo hiyo nyumbani, ukiipasha kikaangoni kavu dakika moja kila upande inakuwa tamu sana. Ya nyama au maharage tupa bila kuionja, wala usiirudishe friza. Na muulize kwa upole kwa nini hakula. Mara nyingi utakuta hakuichukia sandwichi, ila alifungua kopo mapema asubuhi ikiwa bado ngumu katikati akadhani imeharibika. Ikiwa hivyo, itoe friza nusu saa mapema, au ipunguze unene wa cha ndani.